Pita Kwangu Kwanza

Mke wangu Adila huanza kuiugua Jumatatu tangu Jumapili mchana. Sisemi maradhi ya kupelekwa hospitali, maana hospitali ndiko anakofanya kazi na huko ndiko maradhi yenyewe yanakotoka. Nasema tumbo. Tukishakula cha mchana tu, tumbo linamkata, vidole vinamwia baridi, na mtoto akiangusha kijiko anagombezwa kama aliyevunja kabati zima la vyombo. Ukimuuliza una nini, atasema hana kitu. Ukinyamaza, atakuuliza mbona umemnunia.

Mambo haya yalianzia Ubena. Mwaka tuliooana, mkuu wa kituo cha afya alichokuwapo wakati huo, bwana mmoja asiyependa kujibiwa, alijibiwa na Adila mbele za watu, na haukupita muda mke wangu akahamishiwa zahanati ya huko. Walisema ni kwa manufaa ya kazi. Akufukuzaye hakwambii toka. Basi tukaishi ndoa ya wikiendi miaka minne, kwa sababu mimi ni fundi friji, kibanda changu kiko hapa Bagamoyo, mtaa wa Magomeni, na wateja wangu ni wauza samaki ambao barafu ikiyeyuka hawana subira na mapenzi ya mtu. Binti yetu Dija alipoacha ziwa akabaki huku kwa mama yangu. Ijumaa jioni Adila anaingia, Jumapili mchana anafunga mkoba, mtoto akiuona mkoba analia, mama mtu analia, na mimi najifanya natafuta funguo.

Mwaka jana akarudishwa mjini. Nilichinja kuku wawili siku hiyo. Lakini tumbo la Jumapili halikupata habari kwamba amerudishwa.

Nimejaribu kila dawa. Redioni kuna mtaalamu mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, alisema mtu apige pasi nguo za kazi tangu Jumamosi, aoge maji ya uvuguvugu, avute pumzi polepole, afikirie jambo zuri. Tulifanya yote. Sare ikapigwa pasi Jumamosi. Jumapili Adila akaitoa kabatini akaipiga tena. Nilimchemshia mchaichai. Mama yangu akamletea kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani, akanywa kwa bismillahi, akasema amepata nafuu, kisha akauliza kesho yuko zamu na nani. Nikamwambia Adila kwamba yule mtaalamu wa redioni nyumbani kwake hakuna Jumatatu.

Hata hivyo Jumapili zote hizo zilikuwa za hofu isiyo na jina. Jumapili ninayotaka kuisimulia, hofu ilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Saadani.

Ilikuwa inajulikana kituo kizima kwamba muuguzi wa zahanati ya Saadani anastaafu, na kwamba mtu mmoja wa hapa mjini atapelekwa kushika nafasi yake. Ataondoka nani, mwenye kuamua alikuwa mfawidhi mpya wa kituo, Mama Evarista, aliyehamia kwetu kutoka Tabora baada ya Idi. Jina lilitakiwa lipelekwe wilayani Jumatatu. Saadani si mbali kwa anayeitazama kwenye ramani, lakini mvua zikianza njia inakuwa tope, na huko kati ya kijiji na sisi kuna mbuga ya wanyama. Hiyo isingekuwa hata ndoa ya wikiendi. Ingekuwa ndoa ya sikukuu.

Sasa, katika wiki hiyo ambayo mtu mwenye akili angetembea kwa ncha za vidole mbele ya Mama Evarista, mke wangu alifanya alichokifanya.

Jumamosi kulikuwa na msiba Kiwangwa. Mfamasia wa kituo alikuwa amefiwa na mama yake, na wafanyakazi walipanda gari la kituo wakaenda kuzika. Mama Evarista naye akaenda, akavua viatu, akakaa jamvini na wanawake. Adila ni Mkwere, na Mkwere akimwona Mnyamwezi msibani hawezi kutulia, ni mtani wake tangu mababu. Utani wetu unajulikana: mtani ndiye ruhusa ya kucheka siku ambayo hakuna ruhusa. Huficha majembe makaburini mpaka apewe chochote, hulala njiani jeneza lisipite, humwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma. Wafiwa wakishacheka kidogo, roho zinarudi mahali pake. Anayetaniwa hakasiriki, hulipiza.

Kwa hiyo Adila akainuka, akavaa viatu vya Mama Evarista, vile vyeusi vyenye kisigino kifupi, akafunga kanga begani kama koti la kazi, akachomeka kijiti sikioni mahali pa kalamu, akaanza kukagua waliolala jamvini. "Nani zamu? Nauliza, nani zamu hapa? Huyu mgonjwa mbona anacheka bila kuandikiwa?" Sauti ileile, shingo ileile. Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mfamasia mwenyewe, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia hata maji mdomoni, alicheka mpaka akashikwa.

Mama Evarista akatabasamu kidogo tu. Akaomba viatu vyake kwa sauti ya chini, akavivaa, akaenda kukaa ndani ya gari. Hakurudi hata ubwabwa ulipopakuliwa. Adila akadhani mtani wake anatunga kisasi.

Haya yote alinisimulia Jumamosi jioni akicheka. Jumapili tukala wali na samaki wa nazi, na nikaona kama siku hiyo tumbo limesahau. Ndipo Hieronimo alipopiga simu. Huyu ni dereva wa kituo, Mnyamwezi halisi wa Urambo, mtani wetu ambaye hata mimi nimeshamnyang'anya kofia mara kadhaa. Adila aliweka simu mezani tukamsikia wote.

"Mtani, umeharibu," Hieronimo alisema.

"Nimeharibu nini, kuli wangu?"

"Yule mama si wa kwetu. Tabora alikaa kikazi. Mhaya yule, kwao Bukoba. Nimeambiwa leo kanisani."

Hieronimo akaendelea, na hakuwa na kicheko. "Jana njia nzima hakusema neno, mtani. Nilikuwa namwona kwenye kioo. Alikuwa anafuta macho."

Simu ilipokatika, Adila alibaki ameitazama. Kumtania asiye mtani wako si utani, ni kumdhalilisha mtu, tena mkubwa wako kwa umri na kwa kazi, tena mbele ya walio chini yake, tena msibani. Hata maneno ya kuomba radhi yanakwama, maana kila ukieleza unakuwa kama unamrudia kumwigiza.

Kabla hajainuka pale mezani, simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe ulikuwa wa Mama Evarista. *Adila, kesho ukifika pita kwangu kwanza kabla hujaingia wodini.*

"Ndiyo hiyo," Adila alisema. "Saadani."

"Hajaandika Saadani."

"Ataandikaje Saadani kwenye simu, Ashrafu? Pita kwangu kwanza. Yule wa zamani aliniambia hivyohivyo. Nilipita kwake kwanza, nikatoka na Ubena."

Akaenda kupiga pasi sare. Nikamfuata. Nikamnyang'anya pasi nikapiga mwenyewe, naye akaniambia napiga vibaya, nikaacha, akaichukua, akaiweka, akakaa kitandani. Dija akaja na kitabu chake cha picha, akaambiwa toka. Mtoto akatoka bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kuona ameshazoea.

"Hebu nikuambie kitu," Adila alisema. "Usidhani nalilia umbali. Ubena ilinikalia kooni kwa sababu nilitupwa. Kila mgonjwa niliyemhudumia kule nilijua nimeletwa kwake kama adhabu. Nikitupwa tena, Ashrafu, naacha kazi. Wallahi naacha."

"Niende nikazungumze naye."

"Usithubutu."

"Nimwombe radhi kwa niaba yako. Mume mtu, naenda kwa adabu."

"Ukienda utanifanya mtoto. Atasema Adila ana mdomo msibani, nyumbani anamtuma mume. Niapie huendi."

Sikuapa. Nilisema kuna friji la mama mmoja limegoma, nakwenda mara moja narudi. Mimi ni mtu wa hasira, nakubali, na hasira yangu haijui kukaa kitako. Mtu wangu anateseka, aliyemtesa naijua nyumba yake, halafu nikae nivute pumzi polepole nifikirie jambo zuri? Nilichukua mfuko wa vifaa ili uongo uwe na mkono na mguu, nikawasha pikipiki.

Mama Evarista amepanga nyumba upande wa Misheni. Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Nilimkuta barazani peke yake, amevaa dera, anapepeta mchele ambao hata kwa macho yangu ulikuwa mdogo mno kwa kupepetwa. Aliniangalia mimi, akauangalia mfuko wa vifaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekosea nyumba, mwanangu? Friji langu zima."

"Mimi Ashrafu. Mume wa Adila."

Akaweka ungo chini. Kisha akanionyesha kiti.

Nilimwambia yote. Nilimweleza utani wetu na Wanyamwezi, kwamba tulimdhania mtu wa Tabora, kwamba mke wangu alimpa heshima ambayo sisi hatumpi mgeni bali humpa mtu wa nyumbani, kwamba amejua makosa yake leo hii na hajui aingie wapi. Nikamwambia nimekuja bila yeye kujua. Nikamwomba radhi mara tatu, kwa jina lake, kwa jina langu na kwa jina la mama yangu, ambaye hahusiki.

"Kwetu utani upo," alisema aliponiacha nimalize. "Lakini ni wa ukoo na ukoo. Nilikaa pale nikajiuliza, huyu binti nimemkosea nini? Na walivyocheka wote. Unajua kilichoniuma, mwanangu? Alinipata barabara. Ndivyo ninavyosema. Nikajua kila siku nikiwapa kisogo ndivyo wanavyonicheka."

"Samahani, mama."

"Nimehamia huku na watu wote wananiamkia, hakuna anayekaa nami." Alisema hilo haraka, kama anayefunika chungu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha ukili chenye punje kavu za kahawa, zilizochemshwa na maganda yake. Akaninyooshea kikapu.

"Hizi ni za kutafuna. Mgeni kwetu hupewa hizi kwanza, kabla ya maji. Na waliokosana wakitafuna pamoja, shauri limekwisha. Ukikataa nitajua umekuja kwa sababu ya kazi tu."

Nilichukua punje mbili nikatafuna. Zilikuwa chungu, kisha zikaacha harufu nzuri puani. Naye akatafuna. Uso wake ukalegea, akaonekana mtu mwingine kabisa, wa kupendeza, na mimi nikaegemea kiti kwa mara ya kwanza. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikajisifu pia, sifichi. Nilijiona mwanamume.

"Umenisaidia sana," alisema. "Alikuwa amenikwamisha, huyo mkeo. Unajua habari ya Saadani?"

"Tumeisikia."

"Ijumaa nilishaamua nimpeleke yeye."

Nikaacha kutafuna.

"Usishtuke. Si kwa ubaya. Kule muuguzi ni yeye na Mungu wake. Mama mjamzito akija usiku, mvua imekata njia, hakuna wa kumpigia simu. Nimewatazama wote pale kituoni. Teddy ni mzuri, ila akiona damu nyingi anatazama mlango nani ataingia. Adila hatazami mlango. Mwingine wa hivyo sina. Basi jana yakatokea yale. Nikasema nikimpeleka sasa, kituo kizima kitasema mfawidhi amelipa kisasi cha kuchekwa. Mgeni kama mimi nikianza na kisasi, nitafanya kazi na nani? Nikaamua moyo ukiwa mzito, aende Teddy. Adila nilimwita aje kesho nimwambie tu kwamba iliniuma, yaishe."

Nilijua anakokwenda kabla hajafika.

"Sasa mumewe amekuja mwenyewe," Mama Evarista alisema, akitabasamu kwa dhati. "Ameomba radhi, ametafuna kahawa yangu. Hatuna kinyongo, nanyi mtawaambia watu hatuna. Naweza kumpeleka ninayemtaka."

"Mama," nilisema, "na kama nisingekuja?"

Alinitazama. Nadhani ndipo alipoona kwamba nilikuja ili asiende. Mama yule si mkatili, na uso wake ulibadilika kwa huruma, lakini hakuyumba.

"Ungebaki na mkeo," alijibu.

"Basi hesabu kwamba sikuja. Nina mtoto mdogo. Nimekaa miaka minne bila mke, mama yangu."

"Na wale wa Saadani nao wana wake zao, mwanangu."

Nilibishana naye. Nilisema mengine ambayo mtu aliyekuja kuomba radhi hapaswi kuyasema, sauti ikapanda mpaka jirani akachungulia. Naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, na mtu asipokukasirikia huna pa kushika. Nilipoinuka alisema atamwambia Adila kesho asubuhi. Kama napenda nimwambie mwenyewe leo, ni haki yangu.

Sikupanda pikipiki. Niliikokota, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Nimejipalia makaa, nilijiambia. Mke wangu aliniambia niape. Angekaa na tumbo lake la Jumapili, angeamka, angepita kwa mfawidhi kwanza, angeambiwa umeniumiza, angelia, angerudi nyumbani jioni kuwa mke wangu maisha yote. Mimi nikaingilia kumpunguzia hofu ya siku moja. Adhana ya magharibi ilinikuta bado niko njiani.

Adila alikuwa jikoni, hajawasha taa. Aliuona mfuko wa vifaa, kisha akaniona mimi.

"Umekwenda," alisema.

"Nimekwenda."

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono juu ya tumbo. Nikamwambia kama nilivyoyasikia mwenyewe: kwamba mama yule hana kinyongo, kwamba iliuma lakini imekwisha, tumetafuna kahawa. Aliachia pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu simu ya Hieronimo. Ningeweza kuishia hapo. Ningempa jioni moja. Lakini wakati wa Ubena tuliahidiana kutofichana, kwa kuwa umbali na uongo haviwezi kukaa nyumba moja, nikamwambia na lililobaki.

"Anakupeleka Saadani."

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimeshakunjua mikono ya kumpokea.

"Kwa sababu ya jana?" aliuliza.

"Hapana. Aliamua Ijumaa, kabla ya msiba. Jana ndiyo ilikuwa ikuokoe, mimi nimeharibu."

"Kabla ya msiba," alisema. "Kwa nini mimi?"

"Anasema kule mtu yuko peke yake. Anasema mwingine wa kuweza hana. Teddy hutazama mlango, wewe hutazami."

Adila akawasha taa. "Sema tena alivyosema."

Nikasema tena.

"Alisema hivyo mwenyewe? Adila hatazami mlango?"

"Alisema hivyo mwenyewe."

Machozi yalimtoka, lakini nimemjua mke wangu miaka mingi na najua machozi yake. Haya hayakuwa yale ya mkoba. Akanishika mkono, akasema pole, Baba Dija, na aliisema kwa huruma ya mtu anayempa pole mwingine. Kisha akamwita mtoto, akamweka mapajani, akamfunulia kile kitabu cha picha, akawa anamsomea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu siku ya Jumapili.

Akapakua chakula. Alikula wali wa mchana uliobaki, akakwangua sufuria, akauliza kama Saadani kamba wa baharini ni rahisi. Mimi baada ya tonge la kwanza nikasukuma sahani. Akanitazama. Akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu.

"Ni tumbo?" alisema.

Nikamwambia ndiyo, ni tumbo.